Eda ya Awa Tuaibo

Kila mwaka maulidi yakisomwa hapa Quionga, lazima mtu asimame amtaje mama yangu. Zamani alikuwa mwalimu Buanali mwenyewe. Siku hizi ni mwanawe, na maneno ni yale yale ya baba yake, hata pale pa kukohoa hajapabadilisha. Husema, "Mtazameni Awa binti Tuaibo. Vita vilikuja, watu wote wakakimbia, yeye akakaa pale Mungu alipomweka." Wanaume hutikisa vichwa, wanawake nyuma ya pazia hupiga vigelegele, kisha sinia za wali hupita. Mimi huvaa ndala zangu nikaenda zangu nyumbani. Wali wa watu wanaomvika marehemu kilemba cha ukoka haunipiti kooni.

Naitwa Muanacha, mtoto wake wa pekee. Nitaeleza kama mama alivyonieleza, nitatia na yale niliyoyaona kwa macho yangu, na atakayechukia na achukie. Wengi wao nilikuwa nao kwenye mtumbwi uliomwacha.

Mama alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, na mchuzi wake wa nazi ulijulikana mpaka Palma. Aliolewa na Anli, baba yangu, mkwezi wa minazi. Katika shamba la minazi la Mreno hakuna aliyemshinda baba kwa kupanda. Alikuwa na kamba yake ya kukwelea, aliisokota mwenyewe kwa makumbi na kuitia utepe wa kitambaa chekundu, na hakuna mtoto wa Quionga ambaye hakuijua kamba ile. Hakuiacha hata akienda msikitini. Mama alikuwa akimtania kwamba siku akifa atazikwa na mke mwenzake, yaani kamba.

Vita vya kumng'oa Mreno vilipoingia mwaka wake wa pili, watu wa msituni walianza kupita kwetu kutafuta chakula, na baba aliwaangushia nazi. Sijui kama aliwapenda au aliwaogopa. Mtu fulani akapeleka maneno, na askari wa Mreno wakaja asubuhi moja wakamshusha juu ya mnazi, na kamba yake kiunoni. Walikuwa na mtu mwingine waliyemkamata njiani kutoka Nhica, mtu wa bara, hakuna aliyemjua. Wakaondoka nao wote wawili kuelekea mikokoni. Baadaye zikasikika bunduki.

Siku chache zilipita kabla maiti haijaonekana. Samaki walikuwa wamekwisha kula uso, na tumbo lilikuwa limevimba, lakini mikono ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba ya makumbi yenye utepe mwekundu. Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Bibi yangu, mama yake baba, aliikumbatia ile kamba akagaagaa nayo mchangani. Maiti ikaoshwa, ikasaliwa, ikazikwa. Mama akavishwa nguo nyeupe, akaingizwa chumbani kukaa eda.

Msomaji wa kwetu anajua eda ni nini, lakini vijana wa leo wanaisikia tu. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai rangi, hajipaki manukato, havuki kizingiti cha mlango wa mbele. Mwanamume asiye ndugu akimsemesha, anajibu nyuma ya mlango. Uani anaruhusiwa, kwa kupika na kuoga. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo kila jioni alikuwa akikwangua kijipande cha udongo ukutani, karibu na kitanda, na kukitia chunguni. Wanawake walimwambia kijipande cha mwisho kitakapoingia, watamtoa kwa maji na nguo mpya.

Hakikuingia. Eda ikiwa bado changa, amri ilikuja kutoka Palma: watu wote wahamie kijiji kipya kilichozungushiwa waya, na atakayekutwa nje ya waya atahesabiwa adui, nyumba yake itiwe moto. Wakubwa wa Quionga wakakaa, wakasema afadhali ng'ambo ya Rovuma, Tanzania, kuliko kufugwa. Chombo kikubwa kilikuwa kimoja, mtumbwi wa Ussumane, ndugu yake baba. Watu wakaanza kupakia asubuhi.

Ussumane, mwalimu Buanali na bibi walikuja mlangoni kwetu. Mama alikuwa nyuma ya mlango, na mimi nilikuwa nimemshika nguo. Nilikuwa mdogo sana, lakini hili nalikumbuka, na lile nisilolikumbuka alinikumbusha.

"Shemeji," mama alisema, "na mimi nipakieni. Nitajifunika gubigubi, sitasema na mtu."

"Shemeji Awa, mwenye eda hapandi chombo," Ussumane akajibu. "Unalijua hilo. Ukipanda wewe tunazama sote."

"Mwalimu, kitabu kinasema hivyo?"

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza shehe mmoja Mikindani. Akashangaa kuulizwa. Akaniambia mwenye eda akihofia roho yake anahama, wala hana dhambi, na mambo ya chombo kuzama ni ya wavuvi, hayamo kitabuni. Buanali alisoma Angoche miaka mingi, hilo lazima alilijua. Lakini mtumbwi ulikuwa umejaa, na mbuzi wake wawili walikuwa wamekwisha kupakiwa. Kama angesema kweli, pangetakiwa pa kumweka mama.

Akakohoa. "Mwanangu," akasema, "kaa hapo hapo Mungu alipokuweka. Yeye ndiye mlinzi."

Mama hakubisha. Ndivyo alivyolelewa, mwalimu akisema amesema. Aliuliza jambo moja tu: "Na huyu mtoto?"

"Mtoto hana eda," bibi akasema. Akanishika mkono mmoja, na mama alikuwa ameshika ule mwingine. Bibi alikuwa nje ya kizingiti na mama ndani, mimi katikati nikilia. Mama alinieleza kwamba alifikiri haraka haraka: akinizuia, tutaungua wote wawili. Akafungua vidole vyake kimoja kimoja. Ussumane akamwapia mbele ya mwalimu, "Ukimaliza eda nakuja mwenyewe kukuchukua. Wallahi." Tangu hapo mama alikuwa na kazi moja tu duniani, kumaliza eda aje kunichukua.

Tulipofika ng'ambo, mtu wa kwanza kutupokea ufukoni alikuwa baba.

Bibi alianguka. Wanaume wengine walirudi nyuma majini. Baba akaeleza: askari waliishiwa kamba, wakachukua ile ya kukwelea wakamfunga yule mtu wa bara, na yeye baba wakamfunga kwa shuka lake mwenyewe. Shuka lilikuwa bovu. Kule mikokoni alilichana akajitumbukiza majini, na nyuma yake akasikia risasi na yule mwenzake akiita kwa lugha asiyoijua. Wavuvi wa ng'ambo ndio waliomwokota.

Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Awa yuko wapi?"

Ussumane akaanza kufunga mtumbwi.

"Ussumane, nakuuliza. Awa yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," Ussumane akasema. "Anakaa eda."

"Eda ya nani?"

"Yako."

Baba alitaka kurudi siku ile ile, nasema kweli, sitamnyima haki yake. Ussumane akasema wangoje kidogo. Wakati wakingoja ukaonekana moshi upande wa kwetu, moshi mwingi, na wote wakasema, basi, nani amebaki hai pale. Baba akasadiki. Nadhani alisadiki upesi mno, maana njia ilikuwa ya hatari na moshi ule ulimwondolea safari. Wakamsomea mama hitima. Alichinjwa mbuzi mmoja wa mwalimu Buanali, katika wale wale wawili waliovuka na sisi, na mwalimu akaombewa dua kwa ukarimu wake. Mwaka haukuisha baba akaoa mwanamke wa Mikindani, Ancha. Mimi nikaambiwa mama yako amekufa. Ancha alinilea vizuri, sina ubaya naye.

Sasa turudi kwa maiti wetu aliyekuwa hai.

Moshi ulikuwa wa kweli. Askari walifika Quionga wakatia moto paa moja baada ya jingine, na mama alikuwa chumbani akisikiliza makuti yanavyolia. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na bati upande ule, na kapitau, mkubwa wao, alikuwa akitafuta ghala la mchele wa kambi yake. Kwa hiyo haikuchomwa. Walipoingia kupima vyumba, wakamkuta mwanamke mweupe wa nguo, ameketi chini, amegeukia ukuta.

Mkalimani wao alikuwa Mmakua wa kusini, Muislamu, jina lake Mamudo. Alipomwona alielewa. "Huyu ni mjane, senhor kapitau," akasema. "Dini haimruhusu kutoka."

Kapitau alicheka mpaka akajishika mkanda. "Mtoe tuone dini itamfanya nini."

Askari wawili walimbeba kwa makwapa wakamvusha kizingiti, wakamsimamisha juani. Mmoja akamvua mtandio kwa mdomo wa bunduki. Walimwona mwanamke mfupi, nywele timutimu, akilia bila sauti. Wakacheka kidogo kisha wakachoka. Kapitau akauliza kama anajua kupika. Mamudo akauliza, mama akaitikia kwa kichwa kwamba anajua, wakamrudisha ndani. Tangu siku ile mchele wa kambi ulikaa chumba cha mbele, na mama alikaa cha nyuma, akitwanga na kuwapikia wakubwa uani kwake.

Jioni ile alimwita Mamudo nyuma ya mlango. "Kaka, wewe Muislamu?"

"Alhamdulillahi."

"Basi nisaidie. Wanaume wamenishika, wamenitoa nje, wameniona kichwa. Eda yangu ipo au haipo?"

Mamudo alifikiri. Chuoni hakupita sura zile fupi za mwisho, hata mama baadaye aligundua kwamba anazikosea akisali. Lakini kwa mama, katika nchi ile nzima, ndiye aliyekuwa karibu na kuwa mwalimu.

"Imevunjika, dada," akasema. "Anza upya."

Mama akaumwaga uani udongo wote uliokuwamo chunguni. Jioni ile ile akakwangua ukutani kijipande cha kwanza.

Haya sasa, nisikilizeni ninyi mnaopiga vigelegele. Kila baada ya muda kambi ilikuja na mkubwa mpya, na kila mkubwa mpya alitaka kuhesabu watu, na kila wakihesabu watu mama alitolewa nje. Mara nyingine walimtoa kwa kuhesabu, mara nyingine kwa mchezo tu, askari wakishindana nani atamvusha mzimu kizingiti. Alipigwa teke la mbavu mara moja kwa sababu alijishika na mwimo wa mlango, na ubavu ule ulimsumbua mpaka kufa kwake. Na kila walipomrudisha ndani, alimwaga chungu akaanza tena. Hakumwuliza tena Mamudo, alikwisha kuijua hukumu. Alikuwa na hofu moja, kwamba akitoka kabla eda haijatimia, dhambi itaniangukia mimi mtoto wake, tutakutana mtoni mimi nimekufa. Mwenye mto ni Mungu, alikuwa akisema, siwezi kuvuka mto wake na deni lake.

Nilimuuliza kama hakumchukia Mungu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mungu ndiye aliyeniweka pale, sikatai. Lakini hao walioniacha, nao walitumwa na nani?"

Mara moja alikaribia. Kambi ilikuwa imetulia, mkubwa alikuwa mgonjwa wa homa, hakuna aliyemgusa kwa muda mrefu. Chungu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni, na mama alijua kwa uzito wake kwamba vimebaki vijipande vichache. Alianza kuimba uani. Mamudo alikuja kula kama kawaida yake, maana chakula cha askari kilikuwa kibaya, na samaki wake wote alimletea mama apike.

"Leo una furaha, dada."

"Namaliza, kaka. Wiki hii hii. Nikimaliza tu, navuka mto nikamfuate mwanangu."

Mamudo akaramba vidole. "Mungu akipenda," akasema.

Kesho yake alikuja na askari, na mgeni kutoka Palma mwenye mashine ya kupigia picha. Alitaka picha ya mwanamke wa Kiislamu anayeishi kwa amani na jeshi. Mamudo mwenyewe ndiye aliyeonyesha chumba. Wakamtoa, wakamsimamisha karibu na bendera, wakampa mtoto wa mpishi wa askari ambebe ili picha ipendeze. Mtoto wa watu, umri wangu niliokuwa nao aliponiachia. Alimbeba, wakapiga picha, wakamnyang'anya, wakamrudisha ndani.

"Alifanya makusudi?" nilimuuliza mama. Hata leo damu yangu inachemka nikimkumbuka mtu yule nisiyepata kumwona.

Mama alitwanga kidogo kabla ya kunijibu. "Alikuwa anaupenda mchuzi wangu," akasema.

Aliumwaga udongo. Shimo lile nimeliona, lilikuwa karibu na kichwa cha kitanda, na mtoto mdogo angeweza kuingiza kichwa chake chote ndani.

Kisha Wareno wakaondoka. Huko kwao serikali ilipinduliwa, na asubuhi moja askari walipakia magari, wakachukua mchele, wakachukua hata misumari. Mamudo alipanda gari la mwisho. Hakuja kuaga, wala kurudisha sufuria. Mama akabaki peke yake Quionga, kweli peke yake sasa, yeye na nguruwe mwitu waliokuwa wakizunguka viambazani. Mtu mwingine angekimbia mtoni siku ile ile. Lakini eda ya mwisho ilikuwa changa, na mara hii hakuna wa kumtoa. Aliikaa yote. Alikula mihogo ya mashamba ya watu waliomwacha, iliyojiotea yenyewe uani na kandokando. Kijipande cha mwisho kikaingia chunguni. Akajitoa mwenyewe kwa maji, maana wa kumtoa hakuwapo, akavaa leso ya rangi aliyoificha darini tangu arusi yake. Akaoka mikate ya njiani, akafunga kibunda, akavuka kizingiti kwa miguu yake. Alikuwa anakuja kunichukua.

Tulikutana naye kabla hajafika popote, penye njia ya kisima cha zamani. Watu wa Quionga walikuwa wanarudi, na baba alikuwa mbele na kitanda kichwani. Mama alisimama. Kibunda kikaanguka.

"Inna lillahi," akasema. "Anli?"

Baba akashusha kitanda polepole. "Awa? Wewe si ulikufa?"

Nyuma ya baba alikuwa Ancha, na nyuma ya Ancha mimi, msichana nimekwisha kuota matiti. Niliona mwanamke mkongwe, mwembamba, leso mpya juu ya mifupa, mikate imemwagika miguuni. Nilifundishwa adabu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Sijilaumu. Niliambiwa mama yangu yuko kaburini, na huyu alikuwa na uso wa bibi. Waliosema uongo ule walikuwa wamesimama pale pale, na kila mmoja ghafla alikuwa na mzigo wa kurekebisha. Mama hakuitikia. Alimwuliza Ancha, kwa heshima, kama mtu anavyomwuliza mgeni, "Dada, huyu mtoto wa nani?"

Na Ancha, kwa mazoea ya miaka yote ile, wala si kwa ubaya, akajibu, "Wangu."

Mama akainama akaanza kuokota mikate. Alipangusa mchanga kila mmoja, akaurudisha kibundani. Kisha akageuka akarudi alikotoka.

Mwalimu Buanali alimwendea kesho yake kumpa pole. Nilikuwapo, bibi alinituma nikamsalimu vizuri, sasa nikiwa najua ni nani. Mama alimkaribisha uani, akampa kigoda. Akamwambia yote: kutolewa, kuanza upya, kutolewa, kuanza upya. Akamwuliza, "Nilifanya sawa, mwalimu?"

Buanali alicheka. Sitamsamehe kicheko kile. Alicheka kama anavyocheka mwalimu mtoto akikosea herufi. "Nani kakwambia eda inaanzwa upya? Eda ni siku, zikipita zimepita, hata ukitolewa nje kwa nguvu. Yako ilikwisha mwaka ule ule tulioondoka."

"Mwaka ule ule."

"Mwaka ule ule, mwanangu."

"Kwa hiyo ningeweza kuja."

Mwalimu akakumbuka kwamba ana shughuli.

Baba alitaka mama arudi kuwa mkewe, mke mkubwa, na mwanzoni alituma wazee, halafu akaja mwenyewe. Mama alimjibu mbele ya mlango, "Wewe nilikuzika. Nimekukalia eda zaidi ya mwanamke yeyote duniani. Nenda kwa mkeo." Baba akaenda, lakini talaka hakumpa. Alisema ataitwa mpumbavu. Mama aliishi peke yake katika nyumba ile, na kila Ijumaa alikwenda makaburini akafagia kaburi la yule mtu wa bara, aliyezikwa kwa jina la baba. "Huyu ndiye niliyemlilia," alikuwa akisema. "Sijui ni Pedro, sijui ni Sebastião, lakini alikufa, hakunidanganya."

Mimi nilianza kwenda kwake kidogo kidogo. Mwanzo alikuwa akiniita mgeni. "Karibu, mgeni, mchuzi upo." Nilikula, nikasikiliza. Ilichukua miaka kabla sijaweza kumwita mama bila ulimi kugonga meno, na siku niliyomwita aliinuka akaenda uani, hakurudi mpaka mchuzi ukapoa. Mkono wangu hakuwahi kuushika. Nilipompa mkono alipokea kwa ncha za vidole, upesi, akauachia.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa tumbo. Kabla hata ya kaburi kufukiwa, wanawake walikuja kwa mama na nguo nyeupe, na mwalimu Buanali, mzee sana sasa, akaongozwa mkono mpaka mlangoni. "Awa," akasema, "hukuachwa. Wewe bado mke wake. Ingia ndani ukae eda."

Mama alikuwa anakuna nazi. Hakuinuka.

"Mwalimu, eda ya Anli si ulisema ilikwisha? Mwaka ule ule?"

"Ile haikuwa..."

"Ulisema mwenyewe. Mtoto huyu shahidi. Ilikwisha au haikwisha?"

Buanali akakohoa. Mama akachukua kikapu chake, akavaa leso nyekundu, nyekundu siku ya msiba, akapita katikati ya wanawake wote wale akaenda sokoni. Nilicheka kwa furaha mpaka nikatoka machozi. Jioni hakukuwa na mtu wa kumjibu salamu.

Hawakumsamehe. Hata kwenye maulidi, ambako mwalimu alikuwa akimtaja kwa sifa tangu turudi, jina lake likaachwa. Walimwita mkosa haya, kahaba mzee, mwanamke aliyecheza ngoma juu ya maiti ya mumewe. Watoto walitupa mawe juu ya bati. Kisimani walimwaga maji aliyoyagusa. Alipougua ule ubavu wake, mimi peke yangu nilikuwa nikimgeuza kitandani, kichwa chake kikielekea lile shimo la ukutani, ambalo hakukubali nilizibe. Alikuwa na ombi moja, akalirudia mpaka nikalichoka: azikwe kando ya yule mtu wa bara.

Alipokufa nikamwosha peke yangu. Hakuna mwanamke aliyekuja kunishikia maji. Lakini jeneza ni kazi ya wanaume, na kwetu wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko, kwa hiyo nilisimama mlangoni nikamwambia mtoto wa Buanali, ambaye ndiye mwalimu sasa, mahali mama alipotaka. Nilimwambia mara mbili. Nilimshika kanzu. Akasema nisiwe na wasiwasi, mama yako ni mama yetu.

Walirudi wakinawa mikono.

"Mmemweka wapi?" nikauliza.

"Kando ya mumewe," akasema. "Yule mwingine hatujui hata kama alikuwa Muislamu. Tumweke mama yetu na kafiri?"

Maulidi ya mwaka ule ndipo walipoanza tena kumsifu, na hawajaacha. Mimi Ijumaa huenda na ufagio wangu. Nafagia kaburi la yule mtu, nafagia la mama. La baba liko ubavuni kwake, na majani yamelifunika mpaka sasa yanamwingilia mama, inabidi niyakate kila wiki.